Baba Mwenye Namba

Fomu ya kumwandikisha mtoto katika shule zetu za msingi hapa Kolwezi ina mistari ambayo mwalimu yeyote anaijua kwa kichwa: jina la baba, kazi ya baba, jina la mama, makao. Nimeijaza kwa mkono wangu tangu nilipoanza kufundisha, mwishoni mwa miaka ya 1990, na sasa ninapokaribia kupumzika mistari ni ile ile. Kila Septemba wazazi hujipanga barazani. Wengine hujibu upesi, wengine husita na kutazama chini, na kwa miaka mingi walimu wenzangu waliwahesabu hawa wa pili kuwa watu wasiojali masomo ya watoto wao. Mimi naona lawama iende kwa karatasi. Iliandikwa kwa ajili ya familia ya aina moja, nami naijua familia hiyo kwa sababu nilizaliwa ndani yake.

Baba yangu alitoka Bukama akiwa kijana, akaajiriwa na Union Minière du Haut-Katanga, kampuni iliyoujenga mji huu mwaka 1937 kwa ajili ya shaba. Tangu mwishoni mwa miaka ya 1920 kampuni ilikuwa imejifunza kwamba mwanamume asiye na mke hakai kazini. Basi ikamtaka mfanyakazi aoe, ikampa nyumba kambini, unga, hospitali, na shule za wamisionari kwa watoto wake. Mama zetu walipelekwa katika vituo vya wanawake, foyer social, wakafundishwa kushona, kupika na kupanga nyumba kwa namna iliyowapendeza wakubwa. Kampuni ilipotaifishwa tarehe 1 Januari 1967, na baadaye kuitwa Gécamines, mabwana walibadilika lakini utaratibu ulibaki.

Kila mfanyakazi alikuwa na namba yake. Sisi watoto wa kambi ya Musonoi tulijua namba ya baba kabla ya kujua kusoma, kwa kuwa ndiyo iliyofungua milango yote. Ukiugua unaitaja, siku ya posho mama anaitaja, ukiandikishwa shuleni karani anaitaka kabla ya jina lako. Ukitoroka masomo, habari ilimfikia baba kazini kabla wewe hujafika nyumbani. Mzee alikuwa akitusimulia kwamba enzi za Wabelgiji mtoto mtoro aliweza kumpunguzia baba yake kipimo cha unga, na tuliposikia hivyo tulikaza mwendo. Watu walisema kazi ndiyo baba, kazi ndiyo mama. Profesa Donatien Dibwe dia Mwembu wa Lubumbashi alichapisha mwaka 2001 kitabu kizima juu ya wana wa Shaba walioachwa na baba yao, na baba anayetajwa kwenye jina la kitabu hicho ni kampuni.

Kwa hiyo shule ya wakati ule haikuwa na haja ya kuelewana na familia. Kampuni ilikuwa imekwisha kuitengeneza familia ifanane na shule.

Hata hivyo chini ya dari zile za Musonoi mambo hayakuwa kama kwenye kadi ya baba. Mama yangu ni Mkaonde, na kwa Wakaonde, kama kwa Wabemba na Watshokwe, ukoo hufuata upande wa mama, na kaka yake mama ndiye mwenye sauti juu ya watoto. Mjomba alikuja kwa baiskeli kutoka upande wa Mutshatsha kila masika yalipokwisha, amefunga nyuma debe la asali na uyoga uliokaushwa. Alipokwisha kunywa munkoyo wake aliomba buletini zetu. Hakujua kusoma. Alimpa dada yangu mkubwa amsomee, akasikiliza hadi mwisho, kisha akauliza maswali ambayo direkta wetu hakuwahi kuuliza: nani anakaa karibu nawe, mwalimu akikukemea anakutaja kwa jina au kwa kabila? Kwamba niende sekondari kusomea ualimu, wakati baba alitaka nijifunze kushona, lilikuwa neno la mjomba. Lilisemwa uani, jioni, na baba akalitia saini kesho yake kwenye ofisi ya shule. Shuleni hakuna aliyejua kwamba mtu huyo yupo duniani. Mambo yalikwenda vizuri kwa kuwa baba alikuwa na busara ya kutosha kutia saini neno la mtu mwingine.

Kisha namba ikafa. Septemba 1990 mgodi wa Kamoto uliporomoka ardhini. Gécamines iliyokuwa ikitoa zaidi ya tani 400,000 za shaba kwa mwaka katikati ya miaka ya 1980 ilikuwa haifikishi tani 50,000 mwaka 1994. Mishahara ikawa hadithi. Mwaka 2003 na 2004, kwa mpango ulioungwa mkono na Benki ya Dunia, wafanyakazi zaidi ya 10,000 walipewa fedha kidogo wakaambiwa wameondoka kwa hiari. Wazee wa Musonoi hadi leo wakisikia neno hilo hiari hucheka kwa namna ambayo usingependa kuisikia. Mume akaenda kulima, mke akaenda sokoni, binti akaolewa upesi, watoto wakagawanywa kwa bibi, kwa shangazi, kwa dada mkubwa. Na Septemba shule ikatoa fomu yake: jina la baba, kazi ya baba. Wako walioendelea kuandika Gécamines miaka mingi baada ya Gécamines kuacha kuwalipa. Niliwaachia. Kwenye mstari ule hapakuwa na nafasi ya kueleza.

Katika mikutano ya wazazi ndiko nilikoona shule na familia zinavyopitana. Kwa muda nilifundisha katika shule moja ya mtaa wa Manika, chini ya direkta aliyetoka mkoa mwingine, mtu mchapakazi, mkali kwa walimu wavivu, aliyejifunza Kiswahili chetu akiwa mtu mzima na kukizungumza kwa juhudi. Kilichomuudhi zaidi ni kwamba wazazi wa kiume hawaingii. Walifika, tena wengi, mashati yamepigwa pasi, lakini walisimama nje chini ya madirisha, wameegemea ukuta, mmoja akitafuna muwa. Ndani kulikuwa na akina mama na nyanya peke yao kwenye madawati ya watoto, magoti yamefika kifuani. Direkta alitoka mara mbili kuwakaribisha. Waliitikia kwa heshima, wakapiga makofi ya salamu, wasisogee hata hatua. Mwishowe alisema kwa sauti, ili wa nje wasikie, kwamba mwanamume anayemwachia mkewe masomo ya watoto hana haki ya kulalamika. Kwenye ripoti akaandika kwamba akina baba hawakuhudhuria.

Kando ya mlango alikuwa amekaa bibi mmoja, mnene, mguu wake mgonjwa ameunyoosha hadi katikati ya njia. Baada ya mkutano alimwita mwalimu mwenzetu wa darasa la nne, mama mtu mzima ambaye sisi sote tulimwita yaya, yaani dada mkubwa.

“Yaya, ule mwenye kusimama pa dirisha njo mukwe yangu,” alimwambia. “Na ule wa pembeni yake vilevile. Bakiingia, miye natoka. Sasa nani atasikia habari ya batoto?”

Mlango ulikuwa mmoja. Kwa makabila yetu mengi ya huku, Waluba, Wasanga, Wakaonde, mwanamume hapiti karibu na mama mkwe wake, hali mbele yake, hakai naye benchi moja. Hiyo ndiyo heshima, na wenye kuishika wanajua vema kwamba huondolewa kwa zawadi na kwa maneno yanayosemwa nyumbani kati ya koo mbili, si kwa amri ya direkta. Wale wanaume chini ya dirisha walikuwa wamesikia kila neno la mkutano. Walikuwa wamekuja kwa ajili ya watoto wao na kusimama nje kwa ajili ya watoto wao, maana mama mkwe akidharauliwa hadharani ni nani atakayewapokea wajukuu siku ya njaa?

Mkutano uliofuata, yaya alifika mapema na funguo za chumba cha pili, ambacho ukuta wake wa katikati ulikuwa wa mbao za kukunja tangu enzi za watawa. Akakunja mbao. Bibi na wenzake wakaingia kwa mlango wa kwanza na kukaa mbele, wanaume wakaingia kwa mlango wa pili na kukaa nyuma, na kati yao yaya akapanga madawati ya akina mama vijana kama ua wa mianzi. Palijaa. Direkta alifurahi sana, na mpaka alipohamishwa aliamini kwamba hotuba yake ya mkutano uliotangulia ndiyo iliyowagusa. Hatukumwondolea furaha hiyo.

Nasimulia kisa hiki kwa tahadhari, kwa sababu nimekiona kikigeuzwa kuwa kanuni. Baada ya hapo shirika fulani lilituletea mafunzo ya siku mbili, na pamoja na soda tulipewa karatasi yenye jedwali: upande mmoja makabila, upande wa pili desturi zake, ili mwalimu akitazama jina la mtoto ajue amtendee vipi. Walimu walicheka kimyakimya. Karibu kila mmoja wetu alikuwa nusu ya hili na nusu ya lile. Mimi ningeandikwa wapi, na baba Mluba wa Bukama, mama Mkaonde, na mume niliyempata kanisani? Tena katika mtaa ule ule wa Manika kulikuwa na mke wa mchungaji aliyeona miiko ya ukwe ni mambo ya shetani, na mama yake mzazi alikaa na mchungaji, mkwewe, benchi moja, wakiimba kutoka kitabu kimoja. Yaya hakuhitaji jedwali. Alimsikiliza bibi aliyekuwa na neno, basi.

Mengine ni madogo lakini huumiza. Mtoto wa kwetu akikemewa na mkubwa huinamisha macho. Mwalimu aliyefundishwa kwamba anayekwepa macho ana hatia humwongezea adhabu. Babu anayechuchumaa mlangoni na kupiga makofi mara tatu kabla ya kusema shida yake anaambiwa asimame, yuko serikalini. Mvulana wa Kitshokwe au wa Kindembo akipelekwa mukanda, kambi ya jando, zamani alipotea miezi. Siku hizi familia nyingi husubiri Julai na Agosti wakati shule zimefungwa, na mpango huo, nijuavyo mimi, ulianzia kwa wazee wenyewe. Shule ilikuwa ikiandika mtoro.

Lakini kilichonisumbua kuliko yote ni habari ya mawe.

Gécamines ilipoanguka, watu walianza kuchimba wenyewe. Sheria ya madini ya mwaka 2002 iliwatambua wachimbaji wa mikono, watu wazima, wenye kadi, katika maeneo yaliyotengwa. Maeneo yaliyotengwa hayakutosha hata kidogo. Mwaka 2014 mtu mmoja wa mtaa wa Kasulo alichimba kiwanjani kwake akakuta kobalti, na kabla ya mwaka kuisha mtaa mzima ulikuwa umetobolewa, mashimo yakianzia jikoni na vyumbani. Watoto walikuwa Kapata kando ya ziwa Malo, wakiosha mawe pamoja na mama zao. Januari 2016 Amnesty International na Afrewatch walitoa ripoti iliyozunguka dunia, na waandishi wa habari wakafuata na kamera zao. Waliuliza kila mtu swali moja: mzazi gani anampeleka mtoto mgodini? Sheria ya kulinda mtoto ya Januari 2009 iko wazi, na mimi nakubaliana nayo kila neno. Ila swali jingine hawakuliuliza, ambalo mwalimu yeyote wa Kolwezi angeweza kulijibu: mtoto huyo jana asubuhi alikuwa wapi?

Mara nyingi alikuwa shuleni, na shule ilimrudisha nyumbani. Tangu mwanzoni mwa miaka ya 1990, serikali iliposhindwa kuwalipa walimu, wazazi ndio waliotulisha kwa fedha ambayo kila mtu aliiita prime. Bila prime nisingewalea watoto wangu, siwezi kuitukana. Asubuhi fulani za mwezi orodha ilisomwa kwenye mstari mbele ya bendera, na waliotajwa walitoka na mabegi yao. Mtoto hawezi kurudi nyumbani na kumwambia mama amefukuzwa kwa fedha ambazo mama hana. Anakwenda mahali ambapo fedha zipo. Jumatatu anarudi na prime yake mfukoni, noti zimelowa maji ya mtoni, na karani anazipokea. Kisha mkutano unaitishwa ili tuwaonye wazazi juu ya hatari za migodi.

Darasani kwangu alikuwepo mvulana wa aina hiyo, darasa la tano, mwenye daftari safi kuliko wote, limefungwa kwa nailoni ya gunia. Alisinzia kila Jumatatu. Direkta wa wakati huo alituma barua ya kumwita mzazi, na aliyekuja ni kijana wa miaka kumi na minane hivi, viatu vya mpira hadi gotini, vumbi la kijivu kwenye nyusi. Direkta alimtazama akamwambia akamlete mzazi, shule si mahali pa kila mtu.

“Papa direkta, baba alikufa,” kijana alisema. “Mama eko Kasaji, anagonjwa. Miye njo ninamulipiaka huyu mutoto.”

“Basi mlete mjomba. Mlete mtu mzima.”

Kijana hakuwa na zaidi ya alichokisema. Alipiga makofi taratibu, akatoka. Nilimfuata hadi kwenye mwembe, tukakaa kwenye mzizi. Sikumwuliza habari za mgodi. Nilimwuliza mdogo wake akifika nyumbani anafanya nini, naye akaanza kunieleza mambo ambayo wazazi wengi wenye mashati meupe hawajui: kwamba kuzidisha anaweza lakini kugawanya kunamtisha, kwamba anasoma vizuri akisoma kwa sauti, kwamba walikuwa wamekubaliana mshumaa uwake hadi atakapomaliza kazi ya nyumbani, hata kama yeye mwenyewe anataka kulala. Halafu akaniomba kitu.

“Mama mwalimu, mumufundishe asilimia. Ile ya kweli.”

Akaeleza. Huko Musompo, kwenye maduka ya kununua mawe, mnunuzi anapima uzito, kisha anaelekeza kimashine kwenye gunia na kutaja kiwango: mbili, tatu na nusu. Bei inafuata kiwango hicho. Kijana hakuwa na njia ya kubishana na kimashine, lakini alijua kwamba hata hesabu iliyofuata baada ya kimashine ilikuwa na wizi ndani yake, na hakuweza kuuona uko wapi. Alitaka mtu mmoja wa nyumba yao auone.

Somo la asilimia lilikuwa muhula wa tatu, na mifano ya kitabu ilikuwa ya faida ya benki na punguzo la dukani. Nililisogeza mbele, nikaweka ubaoni gunia la kilo hamsini na viwango vya Musompo. Sijawahi kuona darasa la watoto sabini likinyamaza vile. Nusu yao walijua bei za siku hiyo. Msichana mmoja ambaye hakuwahi kuinua mkono alinisahihisha, akasema mnunuzi hukata kwanza uzito wa maji. Jioni wazazi watatu walikuja kuona daftari. Mmoja wao alikuwa mama wa yule msichana, ambaye kwenye fomu yetu, mbele ya mstari wa kazi, kulikuwa na alama ya kukata tu. Alikuwa mwosha mawe, na yeye ndiye aliyemfundisha binti yake hesabu ya maji.

Watu wa namna hiyo shule inawaita wasiojua thamani ya elimu. Nami nauliza ni nani aliyethamini asilimia kuliko yule kijana? Kumpokea kama mlezi hakumaanishi kubariki shimo anamoshuka. Masista wa Bon Pasteur, walioanza kazi Kolwezi mwaka 2012, walilielewa hilo mapema: pamoja na madarasa ya bure kwa watoto waliotoka migodini walianzisha mashamba na mafunzo ya kazi kwa mama zao, maana huwezi kumtoa mtoto mahali bila kuzungumza na jiko analolilisha.

Kuna kimya kingine, cha zamani zaidi, ambacho mgeni hakisikii. Machi 1993, mkoa ukiitwa bado Shaba, majirani zetu wenye asili ya Kasai walifukuzwa Kolwezi, nyumba baada ya nyumba, kama walivyofukuzwa Likasi mwaka uliotangulia. Wengi walizaliwa hapa, watoto wa wafanyakazi wenye namba kama ya baba. Walingoja treni kwa wiki nyingi, na wengi hawakufika. Msichana niliyekaa naye dawati moja sekondari aliniachia kamusi yake ya Kifaransa asubuhi moja, akasema atairudia. Katika orodha ya darasa jina lake lilipigwa mstari kwa wino mwekundu kama la mtoto aliyehama kwa kawaida.

Leo treni zinaleta tena watu kutoka Kasai, hasa tangu vita vya Kamuina Nsapu vya 2016 na 2017, na vijana wao wengi ndio wanaotuendeshea pikipiki mjini. Watoto wao wanafika na Kiluba cha Kasai, bila Kiswahili, na shule nyingine huwashusha madarasa mawili kana kwamba wamesahau hesabu njiani. Mama zao katika mikutano hawasemi. Mwalimu kijana atakwambia wana majivuno. Mimi naona wamekaa karibu na mlango, na najua wengine wana shangazi au baba aliyekimbia mji huu huu. Mama mmoja wa namna hiyo ana meza ya nyanya nje ya geti. Mtoto wake anaitwa Mbuyi, na mtu yeyote aliyekua na Waluba wa Kasai anajua kwamba palipo na Mbuyi pana pacha, Kabanga. Siku niliponunua nyanya nikamwuliza Kabanga yuko wapi, aliacha kuhesabu chenji. Kabanga alikuwa amebaki kwa bibi Mwene-Ditu. Tulizungumza hadi jua likazama, na wiki iliyofuata alinieleza, bila kuulizwa, kwa nini Mbuyi anaogopa mlio wa kengele.

Septemba 2019 serikali ilitangaza kwamba masomo ya msingi ni bure, kama katiba ilivyokuwa ikisema muda wote. Madarasa yalifurika, watoto wakakaa chini, walimu wengi hawakuwa kwenye orodha ya mishahara, na migomo ikafuata. Hayo yameandikwa sana. Jambo ambalo halikuandikwa ni mkutano wa kwanza wa wazazi mwaka ule. Watu walikaa wakingoja kiasi kitajwe, kama desturi. Direkta alisoma tangazo, akafunga karatasi, akanyamaza. Mzee mmoja akasimama nyuma.

“Sasa, direkta, kama si makuta, mulituitia nini?”

Hakuwa akimdhihaki. Kwa karibu miaka thelathini hatukuwa tumewaita kwa lingine lolote. Direkta, namsifu kwa hilo, alikiri kwamba hana ajenda, akaomba waseme wao. Saa mbili zilizofuata zilikuwa za vurugu na nilizipenda. Mmoja alitaka kujua kwa nini watoto hurudi bila penseli zao. Mwingine alisema barua za shule zinaandikwa kwa Kifaransa, na aliyemo nyumbani ajuaye Kifaransa ni huyo huyo mtoto aliyelalamikiwa, ambaye kwa akili yake huzisoma anavyotaka. Walicheka hadi machozi, kisha wakapitisha kwamba barua ziandikwe kwa lugha mbili, na kumbukumbu za mkutano vilevile.

Kamati ya wazazi bado inagombana na uamuzi huo. Mkaguzi anataka nakala ya Kifaransa. Walimu wa darasa la kwanza na la pili, wanaofundishia vitabu vya Kiswahili, wanataka nakala ya wazazi ifuate Kiswahili cha vitabu hivyo. Wazazi wanasema hicho ni Kiswahili cha redio, wao wanataka chao cha Kolwezi, na akina mama wa Kasai, ambao sasa wameanza kusema, wanauliza kama zamu yao itafika. Katibu, kijana wa Kitshokwe mwenye mwandiko mzuri, huandika mara mbili na kusoma mara tatu, na kila mwisho wa mwezi huja ofisini kudai karatasi. Direkta anamwambia bajeti haina mstari wa karatasi za wazazi. Mwezi uliopita bibi mmoja alifungua kitambaa chake, akatoa faranga za rimu moja, akaomba risiti.